Naomba ushauri: hadithi yangu ya ndoa inapoa katikati
Wakuu, habari zenu. Nimekwama, naomba mnisaidie mawazo.

Naandika hadithi ya kubuni ya kisayansi, ya mwendo wa polepole. Mke yuko kituoni Mirihi, mume kabaki duniani. Ujumbe wa redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari zilivyokaa, kwa hiyo hawawezi hata kugombana vizuri: mume anarusha neno la hasira, anajuta, anatuma la kuomba radhi, na lile la kwanza bado liko njiani. Hapo napapenda mno.

Shida ni sura za kati. Wawili niliowapa wasome wamesema wanasinzia. Nikaongeza hitilafu ya mtambo wa hewa, ndoa ikasahaulika kabisa, ikawa hadithi ya mafundi. Nimeifuta.

Sasa nafikiria zile wiki mbili hivi ambazo Jua hukaa kati ya sayari hizi na mawasiliano husitishwa. Je, ukimya huo niuweke katikati au niutunze mpaka mwishoni? Na msomaji aone pande zote mbili, au abaki na mume tu, asijue mke anawaza nini?