Je, kufuatisha kidole kwa macho kunaweza kumtoa mtu katika kiwewe cha ajali ya ziwani?

Dada wa Igombe

Habari za leo wanajukwaa. Mdogo wangu wa kiume ni mvuvi wa dagaa hapa Igombe. Miezi minane iliyopita mtumbwi wao ulipinduliwa na dhoruba usiku wa manane, na kati ya watu wanne waliokuwamo wakaokoka wawili, yeye akiwa mmojawapo, baada ya kukumbatia dumu tupu la mafuta hadi alfajiri. Tangu siku hiyo hajakanyaga mwaloni. Akisikia injini ya boti anatokwa na jasho, usiku anaamka akipapasa kitanda kana kwamba anatafuta kitu cha kushikilia, na harufu ya petroli pekee inatosha kumfanya asukume sahani pembeni. Rafiki yake amemweleza kuhusu tiba ambayo mgonjwa hufuatisha kidole cha mtaalamu kwa macho, kulia na kushoto, huku akikumbuka yaliyompata. Mjomba wetu anasema hayo ni mazingaombwe. Naomba mwenye ujuzi atueleze: kidole kinamsaidia nini mtu aliyemwona mwenzake akizama?

Muuguzi wa Afya ya Akili, Nyamagana

Pole sana, dada, na umpe pole mdogo wako. Tiba unayoiuliza hufahamika kwa herufi EMDR, kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya kupunguza makali ya kumbukumbu na kuzichakata upya kwa mijongeo ya macho. Mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, aligundua mwaka 1987 kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali macho yake yalipokuwa yakienda huku na huko, na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto na watu wazima wenye maradhi yatokanayo na kiwewe, kwa hiyo mjomba asiwe na hofu.

Kuhusu namna inavyofanya kazi, maelezo ninayoyaona yana nguvu zaidi ni haya. Akili ina nafasi ndogo ya kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Mtazame mama anayepima dagaa kwa kisado huku akisimulia ugomvi wa jana: akianza kuhesabu chenji, simulizi linapoa, na hata hasira yake inashuka. Mgonjwa naye, anapoishika picha ya ajali huku macho yakikifuata kidole, picha hiyo hukosa nafasi ya kuwaka kwa ukali wake wote, na inaporudi kuhifadhiwa hurudi ikiwa imefifia. Tukio halisahauliki. Linaanza kukaa mahali pake, miongoni mwa mambo yaliyopita.

Lakini kidole ni sehemu ndogo tu ya kazi. Tiba ina hatua 8, na macho huanza kutumika baada ya mtaalamu kuchukua historia ya mgonjwa na kumfundisha njia za kujituliza. Kikao huchukua dakika 60 hadi 90. Mgonjwa hutaja kiwango cha maumivu yake kuanzia 0 hadi 10, macho yanasogezwa kwa muda mfupi, kisha anaulizwa nini kimejitokeza, na hivyo hivyo hadi namba ishuke. Tafadhali msijaribu nyumbani kwa kutazama video, kwa maana kulifungua jeraha ni rahisi kuliko kulifunga. Na kama amekuwa akinywa gongo ili apate usingizi, mtaalamu aelezwe tangu siku ya kwanza.

Msomaji wa Capripoint

Nakubaliana na muuguzi kuhusu matokeo, ila kuhusu macho yenyewe wataalamu wamebishana kwa miaka mingi. Davidson na Parker walipochambua tafiti mwaka 2001 hawakuona kwamba mijongeo ya macho inaongeza chochote. Lee na Cuijpers, mwaka 2013, wakaona kwamba inaongeza. Mimi bado nina shaka kidogo. Nasema hivi ili ndugu huyo asikate tamaa akikosa mtaalamu wa EMDR, kwa sababu tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe na kurekebisha fikra nayo ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo ule ule wa mwaka 2013.

Mzaliwa wa Ukara

Nilitibiwa kwa njia hii nilipokuwa nikifanya kazi Nairobi. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, nilikuwa miongoni mwa waliokwenda ufukweni kutambua miili, na kwa muda mrefu baadaye nilichokiona kila nilipofumba macho kilikuwa kiatu kimoja cha mtoto, cha rangi ya bluu, kikiwa kimejaa mchanga. Nilianza nikiwa na namba 9. Kikao cha kwanza kilinichosha kama mtu aliyelima kutwa, na usiku ule niliota sana. Mtaalamu alikuwa amenitahadharisha. Sikumbuki ni kikao cha ngapi ambapo kiatu kilianza kuonekana kwa mbali, kama picha iliyotundikwa ukutani. Kiatu bado nakikumbuka, lakini ninalala.

Dada wa Igombe

Asanteni nyote. Nimemsomea majibu haya, akasikiliza kimya, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: hataki kidole kipite mbele ya macho yake, kwa kuwa usiku ule alikuwa akizitazama taa za mitumbwi mingine zikiyumba kwa mbali, kulia na kushoto, bila yeyote kumsikia akiita. Je, hapo ndiyo basi?

Muuguzi wa Afya ya Akili, Nyamagana

Hapana, dada. Wataalamu hutumia pia kugusa viganja vya mikono kwa zamu, au sauti inayosikika sikio hili kisha lile. Mwendeni kwanza katika kitengo cha afya ya akili cha hospitali, mkaulize kama yupo aliyefunzwa tiba hii, na hilo la taa alieleze mwenyewe kabla ya jambo lingine lolote.