MJADALA: Doctor Who ya zamani ilikuwa ya mhariri wa skripti, wengine tunawapa sifa za bure

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Tangu Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Kigali, apewe kuigiza Daktari, huku kwetu wameongezeka watu wanaoifuatilia Doctor Who, tamthilia ya Uingereza kuhusu Daktari, msafiri wa wakati na anga anayebadilika mwili (na hivyo mwigizaji), na kila ubishi ninaokutana nao ni wa sura: nani Daktari mkali kuliko wote, Tom Baker au David Tennant? Tunabishania mshono wala hatumuulizii fundi.

Tamthilia hii ilianza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, ikaenda misimu 26 hadi Desemba 1989 ilipozimwa. Nazungumzia kipindi hicho tu. Hoja yangu ni kwamba aliyekuwa anaamua Daktari ni mtu wa namna gani, maadui zake wanataka nini na ulimwengu wake una sheria zipi, alikuwa mhariri wa skripti. Jina lake lilipita mwishoni mbio mbio, wengi hawakulisoma.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: mtayarishaji alishika fedha, ratiba, waigizaji na waongozaji. Mhariri wa skripti ndiye aliyetafuta waandishi, akasikiliza mawazo yao, akakataa mengi, akarudisha rasimu ziandikwe upya, na zikigoma alikaa yeye mwenyewe mezani akaandika usiku na mchana kwa sababu studio ilishalipiwa. Tena utaratibu wa BBC ulimbana asijipe kazi ya uandishi kiholela. Ndiyo maana tamthilia hii imejaa majina ya watu ambao hawajawahi kuzaliwa.

Chukueni Robert Holmes, mhariri kuanzia 1974 hadi 1977. "Pyramids of Mars" ya 1975 imeandikwa na Stephen Harris. Hakuna Stephen Harris. Skripti ya awali ilikuwa ya Lewis Greifer, haikufaa, Holmes akaifumua yote. "The Brain of Morbius" ndiyo kituko zaidi. Aliyeiandika ni Terrance Dicks, mhariri aliyemtangulia Holmes kwenye kiti kile kile. Kwenye hadithi ya Dicks kulikuwa na roboti linalomuundia bwana wake mwili kwa kuokoteza viungo vya viumbe waliopata ajali ya chombo. Mwili ukatoka wa kutisha, na ilikuwa na mantiki, kwani roboti litajuaje uzuri? Ikaonekana roboti litakula bajeti. Dicks akiwa safarini, Holmes akaliondoa, mahali pake akaweka daktari bingwa wa upasuaji. Dicks aliporudi akasoma, akawaka: mpasuaji mwenye akili zake anaundaje zimwi la namna ile? Akataka jina lake litolewe, wabandike lolote lile lililopooza. Holmes akatii kama alivyoambiwa. Kwenye skrini mwandishi akatokea kuwa Robin Bland, yaani Robin Aliyepooza.

Sasa niambieni, hadithi ile ni ya nani?

Halafu "The Deadly Assassin" ya 1976, hiyo Holmes aliiandika kwa jina lake. Kabla yake Mabwana wa Wakati, watu wa sayari aliyotoka Daktari, walikuwa kama miungu: wanatokea, wanahukumu, wanapotea. Holmes akawageuza wazee wa baraza waliovaa majoho, wanaoteta, wanaopindisha kumbukumbu za serikali ili mambo yaonekane shwari. Mashabiki wa wakati ule walikasirika sana. Humo humo akatupia sentensi kwamba Bwana wa Wakati anaweza kubadilika mwili mara 12 tu. Aliihitaji kwa ajili ya hadithi ya wiki ile. Sentensi hiyo ikaja kumbana Steven Moffat, mwandishi mkuu wa tamthilia wakati huo, Krismasi ya 2013, miaka 37 baadaye, ikabidi atunge kisa kizima cha kumpatia Daktari mzunguko mpya wa maisha. Ni mtayarishaji gani wa miaka ya 70 aliyeacha alama ya hivyo? Karibuni.

Mpiga Kamera

Mkuu, umeandika vizuri ila umeruka upande mmoja. Holmes hakuwa peke yake. Bosi wake alikuwa Philip Hinchcliffe, na yeye ndiye aliyetaka tamthilia itishe. Mary Whitehouse na chama chake cha watazamaji walipopiga kelele kuhusu "The Deadly Assassin", kisa kikiwa ni mwisho wa sehemu ya 3 ambapo kichwa cha Daktari kinazamishwa majini na picha inagandishwa hapo hapo, BBC iliomba radhi na ule mkanda ukakatwa. Aliyehamishwa nani? Hinchcliffe. Akaletwa Graham Williams, akaambiwa apunguze damu. Holmes alibaki pale pale mezani miezi kadhaa, na bado tamthilia ikabadilika. Wakubwa wa BBC walijua usukani uko kwa nani.

Rudi hata mwanzo kabisa. Madalek, maadui maarufu kuliko wote wa Daktari. Sydney Newman, aliyeianzisha tamthilia, alishasema hataki mazimwi. Sawa, mhariri wa kwanza David Whitaker ndiye aliyempa kazi Terry Nation. Lakini skripti ilipofika juu wakubwa hawakuipenda, Donald Wilson alitaka itupwe. Aliyesimama kuitetea ni Verity Lambert, mtayarishaji, na hoja iliyomwokoa ni kwamba hapakuwa na skripti nyingine iliyo tayari. Bila mtayarishaji mwenye msimamo, karatasi za Whitaker zingefungiwa maandazi.

Kijana wa Pwani

Mimi niko na Mpiga Kamera. Na Douglas Adams mbona hamumtaji? Mhariri msimu wa 1979 hadi 1980, "City of Death" yake ilipata watazamaji zaidi ya milioni 16.

Mleta mada

Adams na Williams waliiandika ile kwa pamoja mwisho wa wiki mmoja, kutokana na wazo la David Fisher, jina likawekwa David Agnew, mtu mwingine asiyekuwepo. Nakubali ni tamu. Ila hao milioni 16 usiwahesabie uandishi, kaka. ITV, kituo shindani cha BBC, ilikuwa kwenye mgomo, mtu akiwasha runinga yake angetazama nini kingine?

Mpiga Kamera, la Hinchcliffe ni zito, sikatai. Lakini angalia Holmes alifanya nini baada ya kuambiwa asitishe watu. Mwaka huo huo wa 1977 akaandika "The Sun Makers". Inaanza na mfanyakazi anayetaka kujirusha kutoka juu ya jengo kwa sababu baba yake amefariki na kodi ya kifo imepanda, hana uwezo wa kuilipa hata akimaliza maisha yake akifanya kazi zamu mbili. Kuna ushoroba unaoitwa P45, jina la fomu anayokabidhiwa mfanyakazi wa Uingereza akiacha au akiachishwa kazi. Mtu amenyimwa damu, akahamia kwa watoza ushuru, na ukatili ni ule ule. Mtayarishaji alibadilisha rangi ya ukuta tu. (Naomba watu wa mapato wa nchi yoyote wasiitazame, wataokota mawazo.)

Na mfano mzuri zaidi ni Dicks mwenyewe. Uamuzi wa kumfungia Daktari duniani kuanzia 1970 haukuwa wake, aliurithi. Watayarishaji Peter Bryant na Derrick Sherwin waliona sayari mpya kila mwezi ni gharama. Rafiki yake Malcolm Hulke akamwambia amekwisha, kwa sababu hapa duniani zimebaki hadithi mbili: wageni wanavamia, au mwanasayansi kichaa. Dicks akakaa nayo, wakatoka na ya tatu: wavamizi ni sisi. Ikawa "The Silurians" ya Hulke, viumbe wa jamii ya mijusi waliokuwa na dunia hii kabla binadamu hajawa binadamu, wanaamka pangoni wanakuta tumejenga juu yao. Wanadai ardhi yao. Daktari anatafuta suluhu, jeshi linalipua pango. Mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa hadithi ile.

Mama Runinga

Nimewasoma wote, na ninyi akina baba mnagawana mirathi wakati mwenye mali yupo. Waandishi je? "The Silurians" ni ya Hulke, dada yenu ninasema wazi. Mnamsifu mhariri kwa kuwa alisikiliza?

Tumchukue Andrew Cartmel, mhariri wa mwisho, 1987 hadi 1989. Siku hizi kila mtu anaimba "mpango mkuu wa Cartmel", kwamba alimrudishia Daktari wa Sylvester McCoy siri na giza. Kumbukeni "Remembrance of the Daleks" ya 1988. London ya 1963, usiku, Daktari yuko kwenye mgahawa anaumiza kichwa na uamuzi mzito. Mhudumu Mweusi anamuuliza kama anataka sukari kwenye chai. (Ni Joseph Marcell, yule yule tuliyemzoea baadaye akiwa Geoffrey, mtumishi wa nyumba kwenye Fresh Prince.) Daktari anashindwa kujibu hata hilo la sukari, wanaanza kuzungumza. Mhudumu anasema baba yake alikuwa mkata miwa. Kama watu wasingependa utamu, babu yake mkubwa asingetekwa, asingefungwa minyororo na kuuzwa Kingston, naye leo angekuwa Mwafrika. Dakika chache tu, meza na kikombe, hakuna zimwi. Kwenye hadithi hiyo hiyo Ace, msichana anayesafiri na Daktari, anakuta kibao dirishani kwa mama mwenye nyumba: watu wa rangi hawatakiwi.

Aliyeandika hayo ni Ben Aaronovitch. Si Cartmel. Kama tunataka haki, basi tuipeleke hadi chini.

Mleta mada

Dada, hapo umenibana vizuri, lakini jiulize Aaronovitch alifikaje pale. Alikuwa kijana asiye na jina. Cartmel naye alitokea kwenye kompyuta, akakusanya wenzake wasio na jina: Marc Platt, Ian Briggs, Graeme Curry, Rona Munro. Akawapa vitabu vya katuni vya Alan Moore wasome. Amesimulia mwenyewe kwamba kwenye usaili aliulizwa anataka kufanya nini na tamthilia, akajibu anataka kuiangusha serikali. Na mwaka 1988 Curry akaleta "The Happiness Patrol": mtawala mwanamke, Sheila Hancock akimwigiza, anayekataza watu kuwa na huzuni, na ambaye alitungwa kwa kumlenga Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati ule. Mwandishi mmoja akiandika siasa ni mwandishi. Wakiandika watano kwa mkupuo, kuna aliyewaita.

Halafu hili hapa ndilo ninaloomba mlijibu nyote. John Nathan-Turner alikuwa mtayarishaji kuanzia 1980 hadi 1989. Bosi mmoja, ofisi moja. Chini yake Christopher Bidmead aliifanya iwe ya hesabu na fizikia. Eric Saward, 1982 hadi 1986, akaifanya ya mamluki, bunduki na vifo. Cartmel akaja na haya tunayoyajadili. Tamthilia tatu tofauti, mtayarishaji yule yule. Kama yeye ndiye aliyekuwa akiamua, ilikuwaje?

Mpiga Kamera

Basi ubebe na lawama. Saward ndiye aliyekuwa mezani mwaka 1985, Michael Grade wa BBC1 alipoisimamisha tamthilia kwa miezi 18, na ukatili ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Mbona mashabiki wote wanamtupia mawe Nathan-Turner na yale mashati yake ya maua?

Mleta mada

Naibeba. Saward alikuwa hodari wa kuua watu, hakujua afanye nini na Daktari mwenyewe. "Revelation of the Daleks" ni kazi nzuri sana na Daktari anakaa karibu nusu ya hadithi nzima akiwa njiani.

Lakini tazameni alivyoondoka. Mwaka 1986 walikuwa na hadithi moja ndefu ya sehemu 14, Daktari akiwa ameshitakiwa mahakamani. Holmes alipewa kuandika mwisho, akafariki Mei kabla ya kumaliza. Saward akaandika sehemu ya 14 kwa kufuata mwisho alioutaka Holmes: Daktari na adui yake wanaanguka wakiwa wameng'ang'aniana, haijulikani nani atatoka. Nathan-Turner akakataa, akihofia BBC ingepata kisingizio cha kuifunga kabisa. Saward akaichukua skripti yake, akaondoka nayo. Wakaitwa Pip na Jane Baker waandike mwisho mpya, bila kuruhusiwa kuambiwa ule wa kwanza ulikuwaje, kwa kuwa kisheria ulikuwa mali ya Saward. Fedha zipo, waigizaji wapo, mwongozaji yupo. Iliyorushwa Desemba 1986 mimi nimeitazama zaidi ya mara moja na bado sielewi nani alikuwa anamshitaki nani.

Mama Runinga

Na Pip na Jane Baker walikuwa nani, kaka? Waandishi.

Mpiga Kamera

Na aliyewaita ni mtayarishaji. Saward aliondoka, Nathan-Turner akabaki miaka mingine mitatu. Platt alipoleta wazo lake kuhusu nyumba ya ukoo wa Daktari, Cartmel alilitaka, Nathan-Turner akasema linafichua mno. Likageuzwa likawa "Ghost Light", nyumba ya kawaida ya Uingereza ya enzi za Malkia Victoria. Huo mpango mkuu wenu ulikuwa na mtu wa kuusainia.

Mleta mada

Alikataa moja, mkuu. Nitajie moja aliyoileta.