Mrejesho: CoQ10 kabla ya IVF nikiwa na miaka 41

Dada zangu, niliuliza kama ningoje miezi 3 nikimeza CoQ10 (kirutubisho ambacho wengi humeza wakitumaini kuboresha mayai) ndipo nianze IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili. Nimemwona daktari hapa Kisumu. Akaigeuza chupa yangu, akasoma lebo yote, akasema niimalize tu, ila nisiisubiri. Yai huchukua takriban miezi 3 kukomaa, ndiyo maana watu hutaja muda huo. Lakini ushahidi wa CoQ10 bado ni mdogo, na umri haungoji. Kipimo cha damu cha homoni ya AMH nacho huonyesha wingi wa mayai, si ubora. Asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku naendelea nayo, hiyo ni kinga ya uti wa mgongo wa mtoto. Tunaanza hedhi ijayo. Na waume wapimwe mbegu pia, nawasihi sana!