Naomba ushauri: majarida ya zamani ya Military Modelling yanaanza kuharibika

Habari zenu ndugu wanakikundi, wakubwa shikamooni.

Naishi Uingereza. Nimerithi kwa mjomba majarida ya Military Modelling (jarida la kuunda modeli za kijeshi), kuanzia matoleo ya 1971 lilipoanza kuchapishwa, pamoja na Airfix Magazine kadhaa za miaka ya 60, nalo ni jarida la kuunda modeli. Mjomba alikuwa anaunda vijiaskari (sanamu ndogo za askari) vya milimita 54 na kuvipaka rangi za Humbrol kwa brashi, na mimi nilijifunzia humo. Siku hizi kila kitu kiko kwenye video, lakini ile michoro ya sare, vifungo na mikanda iliyochorwa kwa mkono bado naifungua kila nikianza askari mpya. Hata matangazo ya maduka nayasoma!

Shida ni kwamba pini za stepla za katikati zimeshika kutu na kutu inaingia kwenye karatasi. Kurasa zimekuwa za njano, kingo zinakatika. Nimeyatoa kwenye mifuko ya plastiki ya PVC, nimeyalaza kwenye maboksi ya karatasi isiyo na asidi, mbali na jua na unyevu. Njano haizidi kwa kasi, ila kutu inaendelea.

Naomba kuuliza:

Hizo pini nizitoe na kushona kwa uzi wa pamba, au nitapasua mkunjo wa katikati?

Pia nataka kubaki na nakala za kusoma mwenyewe. Kwa karatasi dhaifu hivi, nitumie skana ya kulaza au kamera juu ya stendi?

Aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake anisaidie tafadhali.