Jedwali la watu linalojirejelea: wazazi, wenzi na ndugu

Swali
Ndugu wataalamu, salaam. Ninatengeneza kwa Django (mfumo wa Python wa kujengea tovuti) programu ya wavuti ya kuhifadhi nasaba ya ukoo wetu, na data zinakaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Nina jedwali moja la watu, lenye safu za baba, mama, mwenzi na ndugu, zote zikirejelea jedwali hilohilo. Nimekwama kwa babu: alioa wake watatu, na safu ya mwenzi inapokea mtu mmoja tu. Je, niongeze safu za mwenzi wa pili na wa tatu?

Jibu la kwanza
Usiongeze, ndugu yangu. Kila mtu ana baba mmoja na mama mmoja waliomzaa, kwa hiyo hapo funguo za kigeni mbili (safu zinazoelekeza kwenye rekodi nyingine) zinazorudi kwenye jedwali la watu zinatosha. Ziruhusu ziwe tupu, kwa kuwa wapo wazee ambao wazazi wao hawajulikani, na on_delete (kanuni ya nini kifanyike rekodi inayorejelewa ikifutwa) iwe PROTECT, yaani ufutaji uzuiwe. Ukiweka CASCADE, siku utakapofuta rekodi ya babu utakuwa umefuta na uzao wake wote. Kila ufunguo upe related_name yake (jina la kufuata uhusiano kinyumenyume, kutoka kwa mzazi hadi watoto), la sivyo Django itakataa.

Ndoa ipewe jedwali lake, lenye mume, mke, tarehe ya kufungwa na ya kuvunjika. Babu atakuwa na rekodi tatu humo. Ndugu usiwahifadhi kabisa, kwani hupatikana kwa kutafuta wenye baba au mama yuleyule, na orodha iliyoandikwa kando itabaki na makosa siku utakaposahihisha mzazi wa mtu.

Jibu la pili
Nakubaliana naye, ila jihadhari na mizunguko. Kwetu wajukuu hupewa majina ya babu zao: Juma alimzaa Salim, Salim akamzaa Juma. Aliyeingiza data alimchagua Juma mdogo kuwa baba wa Salim, na hoja yetu (ombi la kusoma data) ya WITH RECURSIVE, inayojirudia kizazi hadi kizazi kutafuta mababu, ikazunguka bila kukoma. Sharti la CHECK la hifadhidata humzuia mtu kuwa baba wa nafsi yake, lakini kosa hili haliwezi kuliona, kwa sababu hutazama rekodi moja moja. Kuanzia PostgreSQL 14 ya mwaka 2021 kipo kifungu cha CYCLE kinachokatisha mzunguko wakati wa kusoma. Hata hivyo, kagua mababu kabla ya kuhifadhi, na kwenye fomu onyesha mwaka wa kuzaliwa kando ya kila jina.

Aliyeuliza
Ahsanteni sana. Akina Juma kwetu wako wanne. Naanza na fomu.