Mume wangu ni baba mzuri, lakini pikipiki zinazolala jikoni si zake

Mama Wawili, Kaptembwo, Nakuru
Hamjambo wenzangu. Mume wangu ana miaka 47, tumekaa naye miaka 16. Hapa plotini anajulikana kama dalali wa pikipiki, na hata mimi nilimjua hivyo. Lakini pikipiki huingia saa tisa usiku, ikafunikwa shuka jikoni, na kabla ya kesho kutwa imeshafumuliwa, tangi huku, injini kule. Nyingine huondoka nzima kuelekea Busia, mpakani na Uganda.

Ijumaa nilimkuta akikwangua nambari ya chesisi kwa tupa. Alipomaliza alinawa kwa mafuta ya taa, kisha kwa Omo, akanusa vidole, ndipo akaenda kumwamsha binti yetu na kumfunga tai ya shule. Mikono ile ile! Yeye ndiye hukagua madaftari kila jioni, na mkutano wa wazazi hajakosa hata mmoja.

Sasa anataka nikubali pikipiki moja ihamishiwe jina langu kwenye eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, eti mwanamke hashukiwi. Nikikataa, karo itatoka wapi? Mitumba yangu haifiki popote. Nishaurini.

Karani Mstaafu
Dada, usikubali. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu hata anayesaidia kuficha au kuuza mali ya wizi akijua ni ya wizi, na kifungo chake ni hadi miaka 14. Wewe umeshajua. Wakiwachukua wote wawili, watoto watabaki na nani? Tafuta wakili kabla hajakuletea simu ubonyeze kukubali pikipiki hiyo.

Boda wa Nyalenda
Shemeji, nisamehe, nitasema wazi. Yangu ilichukuliwa Kondele, abiria alinishikia kisu. Ilikuwa ya mkopo, na bado nalipa shilingi 420 kila siku kwa kitu nisichokipanda. Wangu wawili wamerudishwa nyumbani kwa karo. Hiyo tai anayoifunga mumeo, mimi ndiye ninayeilipia.

Mama Wawili
Boda wa Nyalenda, nimekusoma mara tatu, nimelia. Pole sana, kaka yangu.

Nimemwambia jina langu halitaingia. Hakunipiga, hakufoka, alikaa akaangalia kalenda ya shule ukutani, akachukua helmeti akatoka. Karani, asante, kesho namtafuta wakili. Watoto nawapeleka kwa mama yangu Kakamega. Madaftari yao nimeshayafunga kwenye begi.