Naomba ushauri kuhusu Suzuki Escudo kwa njia za Mpwapwa
Ndugu wanajamvi, ninaishi Dodoma mjini na kazi hunipeleka vijijini Mpwapwa, ambako mvua za Desemba hadi Aprili hujaza makorongo na kugeuza njia kuwa tope. Ninavutiwa na Suzuki, kampuni iliyoanzishwa Hamamatsu, Japani, mwaka 1909 ikitengeneza mitambo ya kufumia nguo, ikaingia kwenye magari mwaka 1955 na kuizindua Escudo mwaka 1988. Ukongwe huo, kwa kweli, hunipa imani. Ninaifikiria ile iliyotoka mwaka 2005, ambayo magurudumu yote manne huvuta muda wote. Mnaoimiliki, je, injini ya lita 2.0 inamudu milima ikiwa na mzigo, ulaji wake wa mafuta ukoje, na vipuri halisi vinapatikana Dodoma au huagizwa Dar es Salaam?